Vani yangu imeliwa na kutu: nichomelee tena au niuze chuma chakavu?

#1 Bati Jepesi
Wakuu, habari za saa hizi. Nina vani ya mizigo ya mwaka 1998, ile ya mlango wa kusukuma pembeni. Injini haina neno: asubuhi inawaka mara moja, haili oili, haitoi moshi. Tatizo ni bodi. Kizingiti chini ya mlango wa kusukuma kimeoza, tao la tairi la nyuma kushoto limetoka malengelenge, na juzi nimeinua kapeti upande wa abiria nikakuta sifongo ya chini yake imelowa chapachapa wakati mvua haijanyesha wiki nzima.

Kinachoniuma ni kwamba hicho kizingiti kilishachomelewa. Hata miaka miwili haijaisha. Fundi alikata, akaweka bati jipya, akapiga pati (ile lipu ya kuzibia mabonde ya bodi) na rangi, ikang'aa, nikamshukuru. Mwezi uliopita rangi ikaanza kuvimba palepale. Nikagusa kwa bisibisi nikitegemea itagonga kitu. Haikugonga. Ilizama mpaka kwenye mpini.

Nitengeneze tena au niuze kwa kilo? Na kama kuna anayejua, kwa nini bati jipya lioze haraka namna hii?

#2 Nipo Kona
Ngoja waje mafundi. Nimevuta stuli.

#3 Dereva wa Usiku
Uza. Hesabu yangu huwa ni moja: gharama ikivuka nusu ya bei ya gari zima la aina hiyohiyo, achana nalo. Tena kwa kutu, gharama unayoambiwa siku ya kwanza siyo utakayolipa. Mimi niliambiwa siku tatu, gari likalala gereji wiki saba. Kila wakikata wanakuta pengine pameoza. Nilifika mahali naogopa kupokea simu ya fundi.

#4 Mzee wa Nyundo
Hesabu ya nusu bei inafaa kwa injini. Kwa kutu haifai. Usiulize kutu ni nyingi kiasi gani, uliza iko wapi. Mlango ukioza ni mlango tu, unafungua bawaba unaweka mwingine. Lakini pale springi inaposhika, pale mkanda wa kiti ulipofungwa, pale boksi la usukani lilipokaa, na zile boriti mbili zinazopita chini ya sakafu toka mbele hadi nyuma, hapo ndipo gari lenyewe lilipo.

Vani nyingi hazina chesisi unayoweza kuitenganisha na bodi. Sakafu, vizingiti na boriti vimechomelewa pamoja, na huo mkusanyiko ndio chesisi. Kwa hiyo kizingiti chako si pambo, kinabeba mzigo.

Pandisha jeki, weka stendi, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Chukua nyundo ndogo upite unagonga. Chuma kizima kinalia *ngii*. Kilichooza kinasema *pu*. Ukimaliza njoo utuambie umesikia *pu* wapi na wapi, ndipo tuzungumze habari ya kuuza.

#5 Mama Gari Moja
Shikamoo mzee. Hapo kwenye kizingiti nakazia. Mimi niligundua kwa pancha, usiku, peke yangu barabarani. Naweka jeki pale palipoonyeshwa kwenye kitabu cha gari, nazungusha, gari halipandi. Nazungusha tena. Kumbe jeki inapanda vizuri tu, ila inapanda kwa kuingia ndani ya gari. Nilisikia bati likichanika kama kitambaa.

#6 Kijana wa Kemia
Nijibu swali la pili la mleta mada. Kutu inataka vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni, na chumvi ikiongezeka mambo yanaenda mbio. Sasa ukichomelea bati, joto linaunguza rangi pande zote mbili. Upande wa nje unasuguliwa na kupakwa upya. Upande wa ndani, ndani ya boksi la kizingiti, brashi haifiki. Panabaki chuma kitupu kilichoungua, kimefungiwa na unyevunyevu gizani. Kazi imeanza siku hiyohiyo uliyokuwa unamshukuru fundi.

Halafu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara kadhaa, ndiyo maana inasukuma rangi na kuivimbisha. Ukiona malengelenge kwenye kizingiti, mara nyingi ndiyo imetokeza upande wa pili. Haikuanzia hapo.

#7 Spana Kumi na Tatu
#6 kemia safi lakini unaacha jambo dogo linaloua vizingiti vingi zaidi: matundu. Chini ya kila kizingiti na kila mlango kiwanda kimeacha vitundu vya kutolea maji. Fundi akiweka kiraka bila kutoboa, au akimwaga lami ya chini ya gari mpaka ikaziba, ametengeneza ndoo. Maji yanaingia juu kupitia raba za mlango kama kawaida, hayana pa kutokea. Hata bati lingepakwa dhahabu lingeoza.

#8 Mzee wa Nyundo
Marahaba binti yangu wa #5, na pole kwa hiyo jeki.

Kijana yuko sawa ila asifanye ionekane haina dawa. Unaacha tundu la ukubwa wa kidole, unaingiza mpira mwembamba wenye pua iliyotobolewa pembeni, unapuliza nta ya maji ndani ya boksi mpaka ichuruzike kwenye vitundu vya chini. Inachukua nusu saa. Mafundi wengi wanairuka kwa sababu mteja haioni, na mteja halipii asichokiona.

#9 Dereva wa Usiku
Nta ya nini wakati kuna oili chafu? Mimi gari langu la pili nililipaka oili chafu chini kote, halijaota kutu mpaka naliuza.

#10 Spana Kumi na Tatu
Uliliuza baada ya muda gani?

#11 Dereva wa Usiku
Miezi minane.

#12 Nipo Kona
😂😂😂 Miezi minane hata msumari ulioachwa nje unavumilia.

#13 Mama Gari Moja
Tuache kucheka, oili chafu kweli inazuia maji. Ila inaharibu raba: bushi zinavimba na kulainika, inarukia mipira ya breki, inadondoka ardhini. Na siku ukitaka kuchomelea hapo, kwanza fundi atakutukana, pili hakuna weldi itakayoshika vizuri kwenye bati lenye mafuta.

#14 Mzee wa Nyundo
Tatu, moto. Watu wanaogopa tangi la mafuta, na wako sahihi, ingawa wanaogopa kinyume. Wanamwaga mafuta wakidhani tangi tupu ni salama. Kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa huo. Kama unachomelea karibu nalo, lishushe kabisa ulipeleke mbali.

Ila moto niliouona mimi kwa macho ulitokana na sifongo ya sakafu. Tunachomelea chini, ndani ya gari hakuna mtu, cheche zimepita kwenye katundu kasikotosha hata njegere, kapeti ikaanza kufuka. Tulijua kwa harufu. Tangu siku hiyo natoa kapeti yote, na mtu mmoja anakaa ndani na ndoo ya maji hana kazi nyingine. Pia chomoa betri kabla, usije ukaua alteneta na kompyuta ya gari kwa umeme wa mashine.

#15 Bati Jepesi
Asanteni sana. Nimefanya zoezi la #4. Mlango wa nyuma, bonde la tairi la akiba, kizingiti cha kulia: *ngii*. Kizingiti cha kushoto chote ni *pu*, hicho nilishajua. Kilichonishtua ni boriti ya kushoto. Kuna kipande cha urefu wa kiganja kinasema *pu*, kama sentimita 20 kutoka mahali springi ya nyuma inaposhika.

Pia nilichukua sumaku ya spika mbovu nikaifunga kitambaa nikapitisha kwenye tao la tairi. Inashika, inashika, halafu inadondoka. Nimechora kwa chaki sehemu ambayo haishiki, ni kubwa kuliko sahani. Hiyo yote ni pati?

#16 Mama Gari Moja
Yote ni pati, au faiba. Sumaku haidanganyi.

Nikuulize kitu. #1 umesema fundi "alikata". Ulimwona anakata?

#17 Bati Jepesi
Hapana. Nilikuta kiraka kimeshawekwa.

#18 Mama Gari Moja
Basi hapo. Nadhani hakukata. Amepachika bati juu ya lililooza. Kutu ya zamani ilikuwa hai chini yake muda wote, na kati ya mabati mawili maji yananyonywa yanabaki. Wala halikuwa bati jipya lililooza, ni la zamani lililoendelea kuoza likamuambukiza mwenzake.

#19 Kijana wa Kemia
"Kuambukiza" sio neno lake, lakini mwanya mwembamba kati ya mabati mawili kweli unaoza haraka kuliko sehemu iliyo wazi. Naanza kukuelewa. Ila bado nashikilia joto na upande wa ndani.

#20 Spana Kumi na Tatu
Na mimi nashikilia matundu. Mleta mada, ingia chini na tochi uyatafute.

#21 Mzee wa Nyundo
Kuna la nne. Bati la bodi ni jembamba, kama milimita 0.8 hivi. Ukilichomelea kwa rodi badala ya mashine ya waya linatoboka, fundi anajaza, linatoboka pembeni, anajaza. Mwisho amechoka anaziba kwa pati. Weldi inaonekana imekamilika kumbe ni kichujio. Pati nayo inanyonya unyevu. Hata kwa mashine ya waya usivute mstari mrefu, unapiga nukta hapa, nukta kule, unaacha ipoe, unarudi kuunganisha. Mwenye haraka anapindisha bati lote.

Kwenye boriti: hiyo ndiyo habari kubwa ya leo. Hapo bati ni nene zaidi, na kazi ni nyingine kabisa. Hapawekwi kiraka cha kubandika. Unakata mpaka ufike kwenye chuma kinacholia, na kabla hujakata unaliegemeza gari lisijikunje.

#22 Kipimo
Nimesoma kimya, nichangie moja. Ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, unaoitwa MOT, una kanuni inayosaidia hata kama huishi huko: kutu iliyokula chuma kinachobeba mzigo ndani ya sentimita 30 za mahali panaposhika springi, usukani, breki au mkanda inaweza kulifelisha gari kwenye ukaguzi. Sentimita 20 zako ziko ndani ya duara hilo. Nisingepakia mzigo.

#23 Dereva wa Usiku
Ndiyo maana nilisema #4 kwamba auze.

#24 Nipo Kona
Ulisema #3. #4 ni mzee, naye alisema usiuze.

#25 Mzee wa Nyundo
Sikusema asiuze. Nilisema agonge kwanza.

#26 Mpenda Vitu vya Kale
Usipoziba ufa utajenga ukuta.

#27 Nipo Kona
Mkuu, huu ukuta umeshaanguka. Tunajadili matofali.

#28 Msafiri wa Mbali
Samahani naingia katikati. Kuna dawa inayorudisha kutu kuwa chuma. Unapaka tu, inageuka nyeusi, unapiga rangi juu. Kwa nini ahangaike kukata?

#29 Kijana wa Kemia
Hairudishi chuma. Hizo dawa zina asidi ya fosforasi au tanini. Zinaigeuza kutu kuwa kitu kingine kilichotulia zaidi, ile rangi nyeusi unayoiona. Ni nzuri kwa kutu nyembamba iliyo juu ya chuma kizima, baada ya kusugua kwa brashi ya waya. Mahali bisibisi imezama mpaka mpini hakuna cha kugeuza. Shimo halipakwi dawa.

#30 Msafiri wa Mbali
Na vile vifaa vya umeme unavyounga kwenye betri vinazuia kutu? Meli zinatumia.

#31 Kijana wa Kemia
Meli zimezama ndani ya maji ya chumvi, umeme unapita baharini kutoka kwenye anodi mpaka kwenye bodi ya meli na kurudi. Gari lako limezungukwa na hewa. Umeme utapita wapi? Kama unataka faida ya umeme, tumia praima yenye zinki: zinki inaliwa kwanza, chuma kinasubiri zamu yake.

#32 Spana Kumi na Tatu
Au tumia bati lililokwishapakwa zinki kabisa. Ila isugue zinki itoke kwa grainda pembezoni kabla ya kuchomelea, na fanyia nje penye hewa. Moshi wake nimeuvuta mara moja. Jioni nilitetemeka kama mwenye malaria, asubuhi nikaamka mzima.

#33 Mpenda Vitu vya Kale
Mnamtisha mleta mada. Mbona Volkswagen Type 2, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1950, watu wanazifufua zikiwa zimebaki paa na usukani?

#34 Mama Gari Moja
Zinafufuliwa kwa sababu zinapendwa, na kwa sababu zilipendwa kuna watu wanapiga mabati yake mapya mpaka leo: vizingiti, matao, pembe za sakafu, vyote vimeshakunjwa. Brazili walizitengeneza mpaka 2013. Mleta mada, kabla ya yote jiulize kama kizingiti na tao la gari lako vinapatikana vimeshakunjwa. Vikiwepo, fundi anakata na kupachika. Visipokuwepo, kila kona itakunjwa kwa mkono, na saa za fundi ndizo zinazomaliza pesa. Bati lenyewe ni rahisi.

#35 Bati Jepesi
Kizingiti kinapatikana. Tao nimeambiwa nisubiri. Boriti haipo.

#36 Kipimo
Kuna jambo limepita hivi hivi. #1 amesema sifongo imelowa wakati mvua haijanyesha wiki nzima. Posti thelathini na kitu sasa tunajadili matundu na raba za milango. Kama hakuna mvua, maji yametoka wapi?

#37 Nipo Kona
Nimesogeza stuli mbele.

#38 Spana Kumi na Tatu
Kiyoyozi. Kina mpira wa kutolea maji chini ya dashibodi, ukiziba yanamwagikia miguuni kwa abiria.

#39 Bati Jepesi
Kiyoyozi hakijafanya kazi tangu ninunue gari.

#40 Kipimo
Basi hita. Ina karejeta kadogo nyuma ya dashibodi na maji ya injini yanapita humo. Chovya kidole kwenye sifongo. Yakiwa yanateleza na yana harufu tamutamu, ni dawa ya rejeta. Nusa tu, usilambe, ni sumu. Maji ya rejeta yanapungua?

#41 Bati Jepesi
Naongeza kidogo kila baada ya wiki mbili. Nilidhani ndivyo magari ya zamani yalivyo.

#42 Dereva wa Usiku
Aisee.

#43 Mama Gari Moja
Msikimbie. Ile sifongo chini ya kapeti ikinyonya maji ya mvua inayatunza wiki tatu na zaidi, hasa gari likikaa limefungwa vioo. Yangu niliianika juani siku nne ndiyo ikakauka. Inaweza kuwa raba ya kioo cha mbele na mvua ya zamani. Jaribu hivi: toa sifongo yote, kausha sakafu, mtu aingie ndani na tochi, wewe mwagia gari maji taratibu kuanzia chini ya kioo ukipanda juu. Ukianzia juu hutajua yameingilia wapi.

#44 Kijana wa Kemia
Na hita haielezi tao la tairi la nyuma. Maji ya mbele hayapandi huko.

#45 Spana Kumi na Tatu
Gari likisimama kwenye mteremko, pua juu, maji ya sakafu yanakwenda nyuma.

#46 Mzee wa Nyundo
Tao la nyuma linaliwa na matope ya tairi, halihitaji hadithi. Matope yanajibana ndani ya mkunjo yanakaa yamelowa. Gari moja linaweza kuwa na magonjwa matatu yasiyojuana.

Mleta mada, ukiwa chini kagua pia paipu za breki. Kama boriti imeoza, paipu za chuma zilizolala juu yake hazijapona. Zikipasuka hazitoi taarifa.

#47 Bati Jepesi
Mrejesho. Jana nimeshinda nalo. Maji ya sifongo hayatelezi, harufu ni ya uvundo tu, kwa hiyo sijui. Jaribio la #43: tulimwaga ndoo nne, ndani pakavu, halafu ya tano ikatokea tone moja nyuma ya dashibodi, likakata. Matundu ya kizingiti nimeyatafuta: mawili yapo wazi, moja limezibwa na lami, la nne silioni kwa sababu lilipopaswa kuwepo hapana bati. Paipu moja ya breki imevimba kutu, nimeagiza, gari halitoki.

#48 Spana Kumi na Tatu
Moja limezibwa. Nilisema.

#49 Kijana wa Kemia
Mawili yako wazi. Nilisema.

#50 Dereva wa Usiku
Kwa hiyo unatengeneza au unauza?

#51 Bati Jepesi
Nimeita mchomeleaji mwingine aangalie boriti Jumamosi, nimemwambia mbele yake nitakaa na kamera. Akisema boriti inakatika na kurudi, natengeneza kizingiti na boriti, tao litasubiri na aibu yake. Akitikisa kichwa, injini naitoa, bodi inaenda kwenye mizani. Nimetoa kiti cha abiria ili apate nafasi. Chini yake nimekuta kalamu, sarafu mbili na bolti nene ambayo sijui imetoka wapi.

#52 Nipo Kona
Bolti ya ziada ni dalili ya gari lililotengenezwa kwa upendo 😂

#53 Mzee wa Nyundo
Usiitupe. Nyuzi zake ni laini au nene? Bolti za mkanda wa kiti kwenye magari mengi ni za inchi 7/16, nyuzi laini, hata gari ambalo vingine vyote ni vya milimita.

#54 Bati Jepesi
Nyuzi laini. Nashuka kuvuta mkanda.